King'ora Kililia, Nyie Hamkusikia

Redio ya wilaya ilikuwa haijamaliza sentensi yake, Kipaza akatema kahawa mchangani.

"Ving'ora vyote vya pwani," msomaji alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "vilifanya kazi ipasavyo wakati wa tetemeko la jana alasiri."

"Mmesikia?" Kipaza akatugeukia. "Vyote. Yaani na hiki chetu kimo." Akanyoosha kidole nyuma ya kijiwe, kwenye mlingoti wa king'ora cha tsunami, uliosimama kimya kama mgeni asiyekaribishwa chakula.

Kijiwe chenyewe ni cha Uni Lismar, hapa Pasia Tanduak, pwani ya magharibi ya Sumatra. Uni ni dada mkubwa, na hata wazee wanaomzidi umri humwita hivyo, kwa sababu birika la kahawa analishika yeye. Kwetu nyumba ni za wanawake. Mwanamume akishaamka kwa mkewe hana tena cha kufanya mle ndani, hivyo huja benchini. Majina ya wazazi tunayaacha nyumbani, hapa kila mtu ana lake la kijiweni. Kipaza amelipata kwa koo lake. Waziri aligombea uongozi wa kijiji akashindwa vibaya, na tangu siku hiyo anaitetea serikali kana kwamba yumo. Majivu ni Majivu kwa kuwa watu wa kwetu husema mume ukweni ni majivu juu ya kisiki: upepo ukivuma, kwaheri. Mimi naitwa Bubu, kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kukaa karibu nami.

"Jana ardhi imecheza mpaka dhumna zimesimama zenyewe," Kipaza aliendelea. "Nimepanda mlima na kikoi kimoja, nacho nimekishika kwa meno. King'ora hata kukohoa hakikukohoa. Bahari ingepanda, leo mngekuwa mnanisomea hitima."

"Bahari haikupanda," Waziri alisema.

"Kwa huruma ya Mungu, mzee, siyo ya ofisi yenu ya maafa."

"Siyo yangu. Lakini tuseme ukweli, pwani ni ndefu. Serikali haiwezi kumshika kila mtu mkono."

"Mkono nani kaomba? Nimeomba mlio tu. Kura tunawapigia..."

"Wewe kura hukupiga. Ulikwenda kuvua kaa."

"Kaa hawasubiri foleni. Usinitoe kwenye mada. King'ora kimekufa kwa sababu kimeliwa. Kuna watu wamekaa kwenye viyoyozi huko mjini wamekitafuna kipande kipande, leo nati, kesho waya..."

"Kipaza," Uni Lismar alisema bila kuacha kupiga yai la kutia kwenye chai, "mguu wako umeuweka juu ya nini?"

Kipaza akatazama chini. Mguu wake ulikuwa umetua pale unapotua kila asubuhi, juu ya betri nyeusi yenye nembo ya serikali, ile inayowasha televisheni ya kijiwe umeme ukikatika. Akaushusha taratibu, kama mtu anayeteremka kitandani asiamshe mtoto.

Benchi zima likapata la kutazama baharini.

"Hii tuliazima," alisema.

"Tangu Kombe la Dunia."

"Kuazima hakuna tarehe, Uni."

"Nyani haoni kundule," Waziri akachekea ndani ya kikombe.

"Nawe ulishika tochi wakati inafunguliwa mlingotini."

"Nilikuwa nahakikisha utaratibu unafuatwa."

Kipaza hakuwa mtu wa kuzama na boti yake. Alivuta pumzi akaibukia upande wa pili. "Na hapo ndipo kosa lao linapokuwa kubwa zaidi. Walituahidi nini siku ya kukata utepe? Watakuja kila mwezi kukijaribu. Wangekuja hata mara moja tu wangetukamata. Mtu akikuachia mlango wazi miaka yote hiyo, naye ana lake la kujibu."

"Kwa hiyo unaishtaki serikali kwa kutokukamata wewe," Waziri alisema.

"Kwa uzembe. Ndiyo."

Tulicheka mpaka Uni akamwaga sukari. Majivu peke yake hakucheka. Alikuwa anageuzageuza kipande cha ndizi ya kukaanga bila kukila, na Majivu si mtu wa kuchezea ndizi.

"Vipi, mbona umekauka?" Kipaza akamuuliza.

"Chekeni nyie. Mama mkwe wangu hakukimbia jana."

Kicheko kikakatika. Mkwewe huyo, Bi Rawani, sisi wote tunamwita Amak, mama, maana hakuna aliyepo hapa ambaye hakusomeshwa naye alifu na be, kwa fimbo ya mchikichi.

"Nimemkuta jikoni anakuna nazi," Majivu alisema. "Vyungu viko chini, ukuta una ufa naweza kupitisha ngumi, yeye anakuna nazi. Nikamwambia, Amak, twende mlimani. Akaniuliza, king'ora kimelia? Nikasema hapana. Akasema, basi kaa ule."

"Ukafanyaje?"

"Nikambeba."

Uni Lismar aliacha kupiga yai. Kwetu mkwe hata kupita mbele ya mama mkwe hujikunja kama anapita chini ya kamba ya nguo.

"Mwili mzima?" Kipaza akauliza.

"Ulitaka nibebe nusu? Kanipiga kifuu cha nazi kichwani njia nzima. Kufika juu, bahari imetulia kama bakuli la uji, akasema nimemuaibisha mbele ya majirani. Ameapa. Mara nyingine hatoki mpaka akisikie king'ora kwa masikio yake. Na mnamjua akiapa." Akaiweka ile ndizi chini. "Mara nyingine naweza nisiwe nyumbani. Naweza kuwa hapa, natazama mpira."

Uni akainama mwenyewe akachomoa waya wa televisheni.

"Na mechi ya kesho?" Kipaza akajaribu, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Beba upande huo," Majivu alimwambia.

Wakaibeba hadi kwenye mlingoti, Waziri akisimamia. Skrubu ya mwisho ilikuwa bado inazunguka ilipokuja pikipiki. Kijana alishuka, fulana ya rangi ya chungwa, mifuko kumi na mote hamna kitu. Akajitambulisha: Efrizon, ofisi ya maafa. Amekuja kukagua.

Akafungua kisanduku, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabonyeza. Mlio ukatoka pale tukaziba masikio, bata wa Uni wakakimbilia msikitini bila udhu. Akaachia kitufe.

"Kizima kabisa," alisema, akiketi na kupokea kahawa. "Basi redio imesema kweli. Jana kililia. Nyie hamkusikia."

"Kijiji kizima?" Kipaza akauliza.

"Upepo huchukua sauti. Halafu na hofu, masikio huziba. Nitapendekeza mletewe semina ya kusikiliza."

Kipaza, ambaye akipiga chafya hapa watu wa ng'ambo ya mto humwambia afya, alijigusa sikio kuhakikisha lipo.

Ndipo Bi Rawani akatokea njiani. Furushi kichwani, kuku kwapani, anaelekea mlimani kwa mwendo wa mtu mwenye haki. Majivu akamkimbilia.

"Amak, ni majaribio tu."

Akageuka. Wanawake wa umri wake hawakanyagi kijiweni, lakini yeye alikuja moja kwa moja, na kadiri alivyokaribia ndivyo miguu ilivyoshuka kwenye mabenchi na sigara zilivyozimika.

"Nani anajaribu watu?"

"Ofisi, Mama," Efrizon alisimama. "Na niseme kwa heshima, jana kililia vilevile. Mama hukusikia. Umri huo, si ajabu."

"Mimi, sikusikia?"

"Tena si vizuri kukingoja. Ardhi ikitikisika sana, kimbia."

"Ardhi hapa hutikisika kila wiki, mwanangu. Nikikimbia kila wiki nitapika lini? Mlikuja wenyewe mkakata utepe, mkala mbuzi wetu, mkasema king'ora kikilia kimbieni, kisipolia tulieni. Nikatulia. Sasa unaniambia kililia na mimi ni kiziwi."

Efrizon akatutazama sisi, kama mtu anayeomba aungwe mkono. Tungeweza kumuunga. Ilikuwa rahisi kabisa: kijiji kiziwi, betri mahali pake, kila mtu kwake. Waziri tayari alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali.

"Hakikulia," Majivu alisema. "Betri ilikuwa hapa, chini ya benchi. Tuliitoa sisi, tukatazamia mpira. Amak masikio yake ni mazima."

"Ndugu," Efrizon akamwambia upesi, "umechoka. Kunywa kitu."

"Nimesema tuliitoa."

"Sijasikia."

"Mbona sasa ni wewe usiyesikia?" Uni Lismar akamuuliza.

Kijana akaketi. Sauti ikamshuka. "Nikiandika betri haikuwepo, wataniuliza tangu lini. Nikisema tangu Kombe la Dunia, wataniuliza aliyetakiwa kuja kila mwezi ni nani."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Nyuki akaingia kwenye sukari akatoka. Kipaza akamsogezea sahani ya ndizi, kama mwizi anayemkaribisha mwizi mwenzake.

"Andika," Bi Rawani alisema.

"Nitahitaji majina, Mama," Efrizon alisema, na nadhani aliona mlango wa kutokea hapo. "Bila majina haiwezekani."

"Kipaza," Uni akaanza kumtajia, "Waziri, Bubu..."

"Ya kwenye kitambulisho."

Ukweli ni kwamba Uni hayajui. Hata mimi siyajui. Ghafla Waziri akakumbuka mbuzi wake aliyemfunga juani. Kipaza akasema bata msikitini ni dhambi, acha akawatoe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshanyanyua nusu ya makalio.

"Zulbahri wa Syamsinar," Bi Rawani alisema bila kutazama. "Kaa."

Kipaza akakaa.

"Darmansyah wa Jawaher. Mbuzi wako yuko nyumbani kwangu kivulini. Kaa. Na wewe Nofriadi wa Dahniar, unayeinuka kidogo kidogo."

Nikashuka kidogo kidogo.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema alipofika kwa Majivu. "Jina lake mila hainiruhusu kulitaja. Atalitaja mwenyewe, ameshaanza kusema kweli."

"Yusrizal," Majivu alisema. Miaka yote hiyo nakunywa naye kahawa, ndiyo mara ya kwanza nililisikia.

Efrizon akaandika, akafunika kalamu.

"Bado," Bi Rawani alisema. "Wewe mama yako nani?"

"Rosmanidar."

"Andika Efrizon wa Rosmanidar. Juu kabisa. Siku ya utepe si nyie mlikaa viti vya mbele?"

Kijana aliifunua kalamu. Aliandika polepole, mwandiko wa mtu ambaye angependa jina lake liwe refu ili asifike mwisho. Uni Lismar akamwekea chai ya yai bila kuagizwa.

"Amak," Kipaza akauliza kwa adabu ambayo mamaye angetamani kuiona, "sasa tunaweza kwenda?"

"Nendeni. Na mapanga. Jana nimepandishwa ile njia ya mlimani mgongoni mwa mtu, nimeiona yote kwa juu. Imeota magugu mpaka kiunoni. King'ora kikilia hata kwa siku mbili, watoto watapita wapi?"

Tukaondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta mapanga. Nilipogeuka, Kipaza alikuwa amesimama njiani anamsubiri yule kijana wa fulana ya chungwa.

"Na serikali nayo inapanda?"

"Inapanda," Efrizon alisema, akikunja suruali. "Nani ana panga la ziada?"