Mkutano Umeamua Ni Maji

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimedhalilishwa na boksi la sabuni.

Melkizedek, utingo wangu, mtu wa Mamboya aliyesomeshwa na misheni na hajaacha kutukumbusha, jana jioni alilikunjua boksi tupu akalilaza chini ya lori la kijiji. Asubuhi kalivuta. Kaliinua juu kama picha ya maarusi. Kamwita Mwenyekiti aje aone. Madoa matatu! Jeusi chini ya injini: oili. La maji chini ya rejeta. Na la tatu, la utelezi, upande wa ndani wa tairi la mbele kulia. Akachovya kidole, akanusa, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi. Kisha akatangaza kwamba hayo ni mafuta ya breki, na lori lisiende popote mpaka lipelekwe gereji Morogoro.

Nani kamuuliza?

Najua anachotaka. Kengele ya kijiji ikilia alfajiri, kila mtu huenda shamba la pamoja kuchuma pamba, isipokuwa mwenye kazi maalumu. Dereva ana kazi maalumu. Lori likienda gereji, dereva si dereva tena, ni mtu mwenye gunia shingoni na vidole vilivyochanwa na maganda ya pamba. Na lori likirudi, usukani utamkuta mwenye leseni mpya. Nani ana leseni mpya? Melkizedek! Ameifunga kwa nailoni isipate vumbi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Tomasi, hawezi kupiga chafya bila kuitisha kikao. Kasema jambo liletwe mkutanoni Jumatano, kwa kuwa Jumamosi lori linatakiwa kuwapeleka kina mama wa ngoma Mikumi kumpokea mgeni wa mkoa. Mpaka hapo nisiliguse lori.

Kulichunguza si kuligusa.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeliponya!

Rejeta kwanza. Kila dereva wa zamani anajua dawa yake ni sembe. Unamimina, injini inapata moto, unga unaiva na kuziba tundu. Nilimwomba mke wangu Regina kibaba kimoja. Akasema sembe ya nyumba hii ni ya kulisha watu. Nikamwambia hana moyo wa kujenga taifa. Alipokwenda mtoni nikachukua viwili, ili dawa isipungue nguvu.

Oili nayo nimeisugulia sabuni ya mche palipo na ufa. Kukavu kabisa. Tena kunanukia.

Limebaki lile doa la tairi. Hilo halina unga wala sabuni. Ni kweli pedali ya breki siku hizi inataka kukanyagwa mara mbili. Lakini mimi nimeizoea na yenyewe imenizoea. Si kila jambo la ndani hutangazwa kwa majirani.

Melkizedek kapita, kaniona niko chini ya lori, kaniamkia shikamoo. Huwa haniamkii ila Mwenyekiti akiwa karibu. Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa karibu.

Jumatano, 7 Agosti

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mchana nilikwenda kwa Hildegarda, kiongozi wa kina mama wa ngoma, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji chetu chote cha Chanzuru. Nikamweleza kwa upole kwamba likisemwa breki, basi hakuna Mikumi. Hakuna Mikumi, hakuna pilau la mgeni. Akaniuliza kama si breki ni nini. Nikamkumbusha kwamba Jumapili lori lilivuka mto Mkondoa. Maji ya mto yameingia kwenye gurudumu, sasa yanajitoa taratibu. Akafikiri. Nilimwona anafikiri pilau.

Jioni mkutanoni Melkizedek akasimama na boksi lake na hotuba ndefu, ina kichwa, kiwiliwili na miguu, kama mahubiri. Akapitisha kidole chenye utelezi wazee wanuse. Mzee Tomasi ana mafua tangu wiki iliyopita. Kanusa, kasema hasikii kitu, na kisicho na harufu ni maji.

Hapo nikasimama. Nikasema maneno machache tu. Kwamba hiki ni kijiji cha ujamaa, hapa mtu mmoja hawezi kujua kuliko wote. Doa ni la wote. Tupige kura.

Mikono ikapanda kama mahindi ya masika. Maji! Aliyepinga ni Melkizedek peke yake. Mwenyekiti akamwonya asiwe mtu wa kuvunja umoja, na kwamba kuanzia leo yeyote atakayeliita doa lile breki atakuwa anapinga uamuzi wa mkutano.

Watu wetu wakielezwa vizuri, huelewa.

Alhamisi, 8 Agosti

Pedali sasa inataka mara nne.

Nikaenda stoo. Mtunza stoo, Paulina, ana kopo la mafuta ya breki rafuni, nimeliona kwa macho yangu. Nikamwomba kidogo, nikasema ni ya akiba. Akaniuliza akiba ya nini, wakati mkutano umeshaamua kinachovuja ni maji. Nikasema najua, lakini. Akasema hakuna cha lakini. Yeye alinyoosha mkono kama wengine na hatapinga uamuzi kwa kopo. Kama kinachopungua ni maji, kisima kiko pale.

Mwanamke mkaidi, mwenye kichwa kigumu kama kufuli lake! Lakini njiani wazo lake likanikaa. Nikachota maji kisimani, safi, nikayachuja kwa kitambaa. Nikajaza mahali pa mafuta ya breki. Nikakanyaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ikapanda! Ngumu kama jiwe!

Kumbe ni maji kweli. Nilipokuwa nawadanganya, nilikuwa nawaambia ukweli. Kipaji hicho.

Jumamosi, 10 Agosti. Mikumi.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya nyasi. Sababu itajulikana.

Tuliondoka vizuri. Kina mama nyuma, na ngoma zao na kanga za sare. Melkizedek kakaa nao, kashikilia jiwe kubwa la kuzuia tairi. Nikamwambia ajirushe nalo mtoni. Akalikumbatia.

Tumepita Ulaya, ile ya kwetu yenye mbuzi, lori linakwenda kama bibi harusi. Baada ya hapo vikaanza vilima. Shuka, kanyaga. Shuka, kanyaga. Tairi la mbele likaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa. Nikafungua dirisha.

Kwenye mteremko wa kuingia Mikumi nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini. Nikarudia. Chini. Maji yalikuwa yamechemka humo ndani, nadhani. Nyuma yangu wanawake wote wale wanaimba, hawajui. Niliogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilimwona Hildegarda kwenye kioo, amefumba macho kwa utamu wa wimbo, nikasema Mungu wangu, nimewaua kwa ajili ya pilau.

Mgeni wa mkoa alikuwa amesimama kwenye jukwaa, anapunga mkono. Tukampita. Kina mama wakampungia. Nami nikampungia, ningefanya nini? Gia ya chini, honi, dua. Mbele kulikuwa na lundo la nyasi za kuezekea, kubwa kuliko nyumba. Nikaliingiza lori humo lote.

Hakuna aliyeumia. Hildegarda alimalizia beti zake ndani ya nyasi.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa shujaa. Lakini mgeni akaja na watu wake, rejeta inafoka, na Melkizedek anapiga kelele kwamba isifunguliwe ikiwa na moto. Mbele ya mkubwa, utingo anamwamuru dereva! Nikachukua kitambaa nikafungua kifuniko.

Uji.

Ulipanda juu kuliko lori, ukashuka kwenye suti ya mgeni, mzito, umeiva vizuri. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni, haukunigusa. Bahati ya mgeni, ulikuwa umepoa kidogo hewani. Akajifuta shavu, akauliza hili ni lori au jiko. Kisha akauliza kwa nini gari lisilo na breki limebeba watu. Nikamjibu kwa heshima kwamba mkutano uliamua ni maji.

Pilau hatukupewa.

Jumapili, 11 Agosti

Mkutano wa dharura. Wanafiki! Mikono ile ile iliyosema maji leo imepanda kusema niondolewe. Hildegarda alinyoosha miwili. Mzee Tomasi mafua yamepona, anasema hata yeye alisikia harufu ya breki tangu mwanzo. Paulina kammwagia sifa Melkizedek mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

Lori limekokotwa kwenda gereji Morogoro. Usukani ni wa Melkizedek. Mimi, pamba.

Nimefika nyumbani, Regina kanikaribisha chakula. Kaniwekea sahani tupu. Kasema sembe yangu nilikula Mikumi.

Jumatano, 14 Agosti

Vidole vyangu! Mkono huu uliokuwa ukibadilisha gia sasa unatoa damu kama wa mtu yeyote.

Faraja moja. Dereva asiye na lori hana kazi maalumu, kwa hiyo Melkizedek anachuma mstari wa pembeni yangu, leseni yake mfukoni, anaimba tenzi za misheni. Leo kaniambia kaka Mathias, tuyasahau. Nikamwambia achume.

Lakini nimeona jambo. Maji ya kunywa huletwa shambani kwa pipa, juu ya mkokoteni wa punda. Anayeongoza punda hachumi pamba. Kazi maalumu! Sasa hivi ni Mathayo, mzee wa watu, hana kosa, ila pipa lake linavuja kwa chini. Tone, tone, njia nzima. Kina mama wananung'unika kwamba maji hufika nusu.

Nimeshamweleza Hildegarda kwamba pipa limemshinda Mathayo, na mimi pekee ndiye ninayejua dawa yake. Aliniuliza, kwa jicho lile, kama nina hakika. Nikamwambia aangalie mwenyewe: rejeta ilipasuka? Haikupasuka. Sembe ilishika mpaka mwisho. Kilichoharibu ni breki tu.

Regina amehamishia debe la unga kwa jirani. Nimeshajua ni jirani yupi.

Ijumaa kuna mkutano. Watu wetu wakielezwa vizuri, huelewa.