Kitu cha Kwanza Atakachokiona Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Limefika! Gari la Kimarekani, refu kama behewa, viti vya ngozi, mbao halisi kwenye dashibodi. Lina miaka kumi na tisa. Aliyeniuzia alisema lilikuwa la balozi. Wa nchi gani, hakukumbuka.

Uani halikuenea. Matako yake yamebaki nje, nusu mita nzima, na geti halifungiki. Mke wangu akauliza kama ndiyo tutalala geti wazi. Nikamweleza kwamba gari la hadhi hii haliibiwi, linatazamwa tu. Akaingia ndani, akabana mlango. Furaha imemzidi, nadhani.

Sasa mpango. Mama mkwe yuko hospitali, katolewa mtoto wa jicho. Ijumaa saa nne asubuhi anafunguliwa bandeji na kuruhusiwa. Miaka mitatu haoni vizuri, na miaka mitatu yote anaendeshwa na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, katika kigari chake kilicho kama kabati la vyombo. Kila akishuka humwombea dua ndefu mwanyumba. Kisha hugeuka upande wangu: "Na wewe pia, baba."

Na wewe pia!

Ijumaa nampokea mimi. Kitu cha kwanza jicho lile jipya litakachokiona ni gari langu. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka, nikalikuta gari limekaa. Sisemi limeegeshwa. Limekaa! Matako chini, pua juu, kama mbwa anayengoja mfupa.

Nikamwita fundi wa mtaani. Watu humwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, ambalo weupe wake mimi sijawahi kuuona. Akajilaza chini ya gari dakika kumi. Akatoka na kusema kwamba nyuma hakuna springi, kuna mifuko ya hewa, na mifuko imechoka. Ukiwasha injini, pampu inaijaza na gari linasimama. Ukizima, hewa inatoka na gari linakaa. Akashauri tufunge springi za pikapu.

Springi za pikapu! Nikamwambia huwezi kumvisha bwana harusi mabuti ya shambani. Akasema bwana harusi huyu hana miguu kabisa.

Fundi mzuri, ila ana mdomo.

Nimepata dawa mwenyewe. Rahisi tu. Sitalizima.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda nalo kazini, mke wangu kando yangu. Barabarani watu waligeuka. Mmoja aliingia mtaroni kwa kulitazama.

Askari wa barabarani akatusimamisha, akainama dirishani upande wa kulia na kumwomba mke wangu leseni. Usukani wa gari hili uko kushoto, sasa yeye angejuaje? Mke wangu akamjibu kwamba angekuwa dereva yeye, tusingekuwa ndani ya gari hili. Wakacheka wote wawili. Sikuona cha kuchekesha.

Kazini nikaliacha likinguruma chini ya dirisha la masjala. Nikapanga mafaili kwa raha, nikisikia injini yake kama paka aliyeshiba. Mkuu wangu akaja mara mbili kuuliza ni jenereta ya nani. Saa tano, kimya. Nikadhani limezoea mazingira. Kumbe limekunywa tangi lote, limekauka, limekaa.

Nimetembea na dumu hadi kituo cha mafuta na kurudi. Viatu vimefunguka soli. Nia haijafunguka.

Alhamisi, 7 Machi

Mwanyumba kaja kutusalimu. Kalizunguka gari, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kasema ni zuri sana. Kisha kauliza kile kipande kilicho nje ya geti ni cha nani.

Nimemvumilia. Mtu mzima.

Akasema kesho atampitia mama saa nne, kama kawaida yake. Hapo akili ikanifanya kazi. Nikamwambia hospitali wamesogeza muda, sasa ni saa sita. Akanishukuru kwa kumjulisha! Akanishika na mkono. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kama dakika moja.

Jioni Daktari akachonga vigogo viwili vya mbao, akavikaza nyuma, kati ya chasi na ekseli. Gari likasimama wima, injini imezimwa! Nililizunguka mara tatu. Daktari akasema likitokea la kutokea, nisimtaje. Watu wengine hawana imani.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika yote, hata yasiyopendeza.

Tulifika hospitali saa tatu u nusu, gari limesimama kama askari wa gwaride. Vigogo havina huruma, kila shimo tulilisikia hadi kwenye magego. Mke wangu alishika shavu njia nzima.

Ndani ya geti kuna tuta. Gari likapanda vizuri. Katika kushuka, kigogo cha kulia kikaruka, kikapita juu ya ua na kumkosa mtunza bustani kwa shubiri. Papo hapo mfuko wa hewa ukapasuka. Mlio! Watu wawili walilala chini. Gari likaangukia tairi lake la nyuma, likagoma, limeinama upande kama mtu mwenye maji sikioni.

Sikukata tamaa. Mlango wa wodi ulikuwa hatua ishirini tu. Nikakimbia ndani, nikamsihi muuguzi amfungulie mama bandeji kule nje, mbele ya gari. Akaniuliza niko wodi gani na nani kaniruhusu kutoka kitandani.

Basi kitu cha kwanza alichokiona mama ni muuguzi. Cha pili ni dari. Mimi nilikuwa cha tatu au cha nne. Nikamwamkia. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Marahaba. Kumbe umezeeka hivi, baba."

Tukamtoa nje. Akalitazama gari.

"Hili nalo limekanyaga nini?"

Jua lilimuumiza jicho, na benchi zote zilijaa. Ikabidi aingie kiti cha nyuma angoje. Angoje nani? Mwanyumba. Na mwanyumba alikuwa anakuja saa sita, kwa maneno ya mdomo wangu mwenyewe. Mke wangu alitaka kumpigia simu aje upesi. Nikamwambia asimsumbue mtu kazini.

Saa mbili nzima. Mama akalala, mdomo wazi, mkono juu ya ngozi ya kiti. Nilimpepea na faili.

Mwanyumba kafika saa sita kamili. Mama akaamka na kumuuliza kwa nini leo amechelewa. Akajibu kwa adabu kwamba aliambiwa saa sita. Mama akauliza na nani. Mwanyumba akakohoa, hakunitaja. Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nakagua tairi.

Wakaondoka wote watatu na kabati la vyombo. Dua ya mwanyumba leo ilikuwa ndefu kuliko zote. Lakini mama alishusha kioo.

"Baba, tangu nilazwe sijapata usingizi kama ule. Kiti chako kitamu."

Kiti changu! Hakusema "na wewe pia." Nikabaki peke yangu na gari nikingoja kuvutwa. Nikamtumia mwanyumba ujumbe wa kumwomba radhi. Akajibu: "Yamepita, ndugu yangu."

Jumatatu, 11 Machi

Nimetafakari siku tatu. Mke wangu alinipa utulivu wa kutosha, maana hajasema nami tangu Ijumaa. Na kosa langu nimeliona.

Nilinunua gari moja.

Daktari amenionyesha jingine, ndugu yake kabisa, la mwaka uleule, limelala miaka minne nyuma ya ghala. Mifuko yake ya hewa ni mizima! Injini halina kabisa. Daktari akadhani hilo litanivunja moyo. Nikamwuliza: injini isiyokuwepo itaharibikaje?

Nimelilipia, kisha nikamweleza mke wangu. Amerudi kusema nami, kwa sauti kubwa. Nimeng'oa kamba ya nguo na kuhamisha tangi la maji. Yakikaa moja nyuma ya jingine, litakalobaki nje ya geti ni moja tu.

Mwanyumba amekubali kuja kesho asubuhi kulivuta hilo la pili kwa kile kigari chake. Nimemsisitiza asichelewe. Gari la hadhi halingojeshwi.