Kurasa Nne za Klabu ya Mtaro

Jumatatu, 3 Novemba

Nimechaguliwa getini leo. Wa mwisho kabisa, lakini nimechaguliwa. Nyamai, msimamizi wetu, haongei asubuhi. Hunyoosha kalamu tu: wewe, wewe, na wewe. Kalamu ikikuruka, unageuka unarudi mtaani kwetu Tena kwa miguu na njaa yako. Leo ilinizunguka mara mbili kama nzi kabla ya kutua.

Halafu habari. Mlinzi amesema mwisho wa mwezi vibarua watatu watapewa ajira ya kudumu. Tuko arobaini tunaobeba mchele kwenye lile ghala. Watatu!

Aliye wa kudumu hupata likizo Desemba, na akirudi anaikuta kazi yake. Kibarua akienda nyumbani Desemba, Januari anakuta mtu mwingine amesimama mahali pake getini, tena amenenepa. Ndiyo maana Desemba mbili zimepita sijafika nyumbani Bungoma. Mtoto wangu Ryan ana miaka mitatu. Jana mke wangu Nafula alimpa simu anisalimie. Mtoto akakataa, akasema hataki simu, anataka baba. Baba gani? Wakoli, ndugu yangu mdogo, aliyekuwa hapo hapo akitafuna mahindi ya shamba langu. Nilimsikia akitafuna.

Lazima niwe mmoja wa wale watatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata njia. Nyamai ni mwanachama wa klabu ya huduma hapa hapa Tena. Inaitwa Mikono ya Jirani. Wanazibua mitaro, wanapanda miti, wanatembelea wagonjwa, na hakuna anayewalipa. Mtu mwenye kalamu kama ile anatafuta nini mtaroni? Si kazi yangu kujua. Kazi yangu ni kuonekana.

Nimeenda mkutanoni jioni. Wanakutana kwenye darasa la chekechea na viti ni vya watoto wa miaka minne. Magoti yangu yalikaribia masikio. Nyamai alikalia kiti chekundu chenye picha ya bata. Hapo nikapata moyo kidogo.

Mwenyekiti ni Bi Shamsia, mama wa asili ya pwani anayeuza mapazia mtaa wa Ziwani. Kiswahili chake kimenyooka hata unaona haya kujibu. Aliniita mwanangu, akaniuliza nimevutwa na nini. Nilikuwa sijajiandaa. Nikasema napenda mitaro tangu utotoni. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika.

Desturi yao ni kwamba mgeni husimama akaeleza kazi yake. Nikasema niko kwenye sekta ya mchele. Nyamai akakohoa.

Nimepewa karatasi nne zilizobanwa pamoja: Mambo Ambayo Mwanachama Mpya Anapaswa Kujua. Bi Shamsia amesisitiza nizisome zote, hasa ukurasa wa tatu, maana wengi huja wakidhani klabu ni chama cha kugawana vitu, kisha wanalia. Nikamhakikishia. Niliishia darasa la saba na kusoma si shida yangu. Shida yangu ni mgongo na usingizi.

Nimesoma ukurasa wa kwanza. Usichelewe. Usilete siasa wala mambo ya dini mkutanoni. Nimeelewa klabu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mtaro wa kwanza. Ule wa nyuma ya soko, karibu na kibanda cha Mama Triza wa mandazi. Mvua ikinyesha maji huingia kibandani mpaka kwenye unga.

Nimechimba saa mbili mfululizo. Nimetoa godoro. Godoro zima, limejaa matope, peke yangu. Nyamai hakuwepo, alikuwa ameenda kutafuta toroli. Nikaketi kidogo ukingoni nipumue na kula andazi alilonipa Mama Triza. Nyamai akatokea na toroli. Akaniangalia. Akaangalia andazi.

Nikaruka nikashika sepetu. Alipogeuka nikachimba kama mwehu, akaitwa upande mwingine. Nikainama kufunga kamba ya suruali, akarudi. Ni kama anapigiwa simu kila ninaposimama wima.

Mbaya zaidi, Luseno alipita. Luseno wa Vihiga, kibarua mwenzangu, yule anayeitikia amri za Nyamai kabla hazijaisha. Alisimama juu ya daraja, mikono mfukoni, akauliza kama siku hizi nachimba dhahabu. Kisha akamwona Nyamai na sepetu. Nikaona kichwa chake kikifanya hesabu.

Gambuti zimelowa mpaka ndani. Nimekumbuka shuleni tulijaza karatasi kwenye viatu vikauke upesi. Nyumbani karatasi nilizo nazo ni zile nne. Mbili kushoto, mbili kulia.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilijua. Jina la Luseno limesomwa mkutanoni. Anataka kujiunga, eti moyo wake umeguswa na godoro. Godoro langu!

Lakini nimesikia kanuni moja kwa masikio yangu mwenyewe. Jina la mtu mpya husomwa mara mbili, na mwenye shaka naye humwona mwenyekiti faraghani. Nilimngoja Bi Shamsia nje akifunga darasa. Sikutaka kumsema mtu vibaya. Nilisema tu kwamba Luseno ni mtu mzuri mno, na ndiyo maana nahofia mgongo wake. Kwamba mgongo ule umekwisha. Kwamba anauficha kwa aibu, na mtaro mmoja tu unaweza kumlaza kitandani.

Bi Shamsia alishika kifua. Alisema masikini, kijana wa watu, na mimi nina roho nzuri kwa kumwonea mwenzangu huruma. Nikaangalia chini kwa huzuni. Huzuni ilinijia vizuri kabisa. Akasema jina lake litangoja, na ataangalia la kufanya.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu, 17 Novemba

La kufanya ameliangalia. Amemweleza Nyamai.

Leo asubuhi kalamu ilimwendea Luseno kwanza, kisha Nyamai akamwambia kwa sauti ya chini asibebe kitu. Amepewa kiti. Kiti chenye mgongo! Amewekwa getini chini ya mwavuli, aandike namba za malori yanayoingia na kutoka. Mimi nimebeba magunia yangu na yake.

Mchana nikamuuliza Luseno amefanyaje. Alisema hajui, Mungu tu, amesikia kuna msamaria aliyemwombea kuhusu mgongo. Akaniuliza kama mimi najua ana mgongo gani. Nikasema sijui. Alipoinuka kwenda kunywa chai alishika kiuno. Alipoketi alisema uuwi. Saa nane alikuwa tayari anachechemea, na kuchechemea hata si ugonjwa wa mgongo.

Usiogope, Phares. Anayekaa kwenye kiti haonekani. Anayebeba ndiye anayeonekana.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Watu sita tu walikuja mtaroni. Mimi, Bi Shamsia akiwa amevaa mfuko wa plastiki juu ya buibui, Nyamai, na wengine watatu. Maji yalikuwa yanakuja na chupa, viatu, kila kitu. Nikaingia mpaka kiunoni nikazibua mdomo wa daraja kwa mikono. Kitu kikaachia. Maji yakanguruma yakaenda. Mama Triza akapiga kelele kutoka kibandani kwamba kumekauka, kumekauka, unga umepona, na akatugawia chai wote.

Hayo si muhimu. Muhimu ni kwamba safari hii Nyamai aliona. Aliniona tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinivuta juu kwa mkono na hakuuachilia upesi. Akasema ninachokifanya kwa klabu hii, mtu katika nafasi yangu angefikiri mara mbili. Akasema ananiheshimu sana. Macho yake yalikuwa mekundu. Inaweza kuwa matope.

Nafasi yangu! Kasema nafasi yangu. Nimempigia Nafula papo hapo. Nimemwambia tarehe ishirini Desemba nitakuwa nyumbani, likizo ya mtu wa kudumu, amwambie Ryan baba anakuja. Nafula aliuliza kama nimeandikiwa. Nikasema imebaki kuandikwa tu. Nikamsikia akimwambia mtoto. Mtoto akauliza baba anatoka wapi, si yuko hapo nje anakata nyasi.

Sawa. Tarehe ishirini.

Alhamisi, 27 Novemba

Sina nguvu ya kuandika lakini nitaandika.

Asubuhi Nyamai alisoma majina matatu. La kwanza mzee mmoja wa Machakos, haki yake. La pili dereva wa ile mashine ya kunyanyua. La tatu Luseno. Karani wa geti. Mwandiko wake umewapendeza wakubwa, eti malori hayajawahi kuandikwa vizuri namna ile. Luseno aliruka juu kwa furaha, kisha akakumbuka akashika kiuno.

Nilikwenda mkutanoni kwa sababu ndiyo siku yangu ya kuapishwa na nilikuwa nimeahidi. Vile vile nilitaka kumuuliza Nyamai nimekosa nini. Sikupata nafasi ya kuuliza. Baada ya kiapo Bi Shamsia alinibandika beji, kisha Nyamai akainuka kutoka kwenye kiti cha bata akaomba kusema jambo.

Alisema tangu Agosti jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake. La kwanza. Kwa sababu sijawahi kukosa siku moja wala kupasua gunia. Alitaka iwe siri mpaka mwisho wa mwezi. Kisha akaniona nimeingia klabuni. Akakumbuka ukurasa wa tatu: mwanachama hatapokea kazi wala cheo kutoka mkononi mwa mwanachama mwenzake. Akangoja niusome nitoke, kama wengi walivyotoka. Sikutoka. Aliniona nikirudi mtaroni, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikijua ninachopoteza. Jana alilikata jina langu kwa kalamu yake mwenyewe. Alisema katika maisha yake hajaona mtu anayetanguliza jirani namna hii.

Wakasimama wote. Wakapiga makofi. Bi Shamsia alilia, akasema huyu ni mwanangu kweli. Mama Triza alikuwa amealikwa, akapiga vigelegele. Wakataka niseme neno.

Nikasema asante.

Ningesema nini? Kwamba ukurasa wa tatu uko kwenye gambuti ya kulia?

Nilipotoka nilimuuliza Nyamai kwa mzaha kama mtu akiacha klabu sasa jina linarudi. Alicheka akanipiga begani. Orodha nyingine ni Juni, alisema, na anajua ninatania.

Jumapili, 30 Novemba

Nimempigia Nafula. Nimemweleza yote, isipokuwa habari ya mgongo wa Luseno, ambayo haihusiki. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza tu, Baba Ryan, hizo karatasi hukuzisoma? Nikasema nilizisoma kiasi. Akauliza sasa amwambie nini mtoto. Nikamtumia picha nikiwa na beji, amwonyeshe. Alirudi kwenye simu akasema mtoto ameiona, ameuliza huyo polisi anamtafuta nani, amekwenda kujificha nyuma ya Wakoli.

Nimekaa kitandani saa nzima bila kuvua viatu.

Lakini si mwisho. Tatizo langu ni kwamba niliingia klabu ya msimamizi wangu. Kosa ni hilo tu. Mlinzi amenidokeza kuwa ghala la sabuni, lile la ng'ambo ya barabara, nalo litaajiri kabla ya Krismasi. Msimamizi wa pale ni mama mmoja anayeitwa Nabiswa, mtu wa kwetu kabisa, na ni mwanachama wa klabu moja Ziwani inayotembelea wazee, kila Jumapili mchana.

Nimeenda leo leo. Nimemsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu kuzunguka kiwanja mara nne, mara tatu Mama Nabiswa akiwa dirishani. Wameniuliza nimevutwa na nini. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nikasema napenda wazee tangu utotoni.

Wamenipa karatasi sita. Nafula, nilipomwambia, alisema soma kwanza, Baba Ryan, nakuomba, soma yote kabla ya kuweka sahihi. Nikamwahidi. Sahihi nilikuwa nimeshaweka, ila kusoma bado kunawezekana.

Mvua imeninyea njia nzima kutoka Ziwani. Gambuti zimejaa maji. Karatasi yao ni nzito kuliko ya Tena, na inanyonya vizuri sana.