Nafasi Moja ya Kipaji, Kata ya Sindeni

Idara ya Utambuzi wa Vipaji ilitangaza kwamba kufikia Ijumaa saa sita mchana, kila kata iwe imepata mtoto mmoja mwenye kipaji. Kata itakayokosa itoe maelezo kwa maandishi. Kata itakayopata wawili nayo itoe maelezo kwa maandishi.

Kata ya Sindeni ilipangiwa Kasmiri, afisa vipaji mwandamizi, mtu makini ambaye hata akipiga chafya huweka tarehe. Alishuka kwenye bodaboda, akajikung'uta vumbi, akaletewa Munira wa darasa la nne, binti aliyesoma vitabu vya shule vikaisha, akahamia kwenye maandishi ya mifuko ya saruji. Nafasi yenyewe ilikuwa ya bweni, shule ya vipaji huko Korogwe, kila kitu bure.

"Mwanangu akikosa hapo," alisema mama yake, Zamda, "akimaliza la saba ni jembe tu, kama mimi." Hakuficha hofu yake.

"Saba mara nane?" aliuliza Kasmiri.

"Shikamoo. Hamsini na sita. Kwani ulikuwa hujui?"

Kasmiri alisikitika kweli. Mwongozo ulikuwa wazi: mtoto mwenye kipaji husoma anachopewa, kama kilivyo, bila kuuliza. Akaandika kwenye fomu: "Ana maswali." Lakini kwa huruma akampa nafasi ya mwisho: asome risala Alhamisi mbele ya mgeni rasmi, Mheshimiwa Gerald. Risala aliiandika Kasmiri mwenyewe, na hotuba ya kuijibu pia aliiandika yeye, ili swali na jibu visije vikapishana njiani.

"Hapa tunashukuru kwa madawati," alisema Munira wakifanya mazoezi. "Yako wapi?"

"Yako aya ya pili."

Alhamisi mgeni rasmi alifika saa nane badala ya saa tatu. Alikuwa anawahi msiba Kabuku, kwa hiyo akataka aijibu risala kabla haijasomwa. Kasmiri, jasho likimtiririka, akagawa majalada mawili, yote ya bluu kwa mujibu wa itifaki. Munira akafungua lake, akamvuta koti.

"Mzee, hii siyo..."

"Umeanza! Leo ni kusoma tu."

Munira akaachia koti. Mheshimiwa akasimama, akavaa miwani.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasoma kwa sauti nzito, "mimi ni mwanafunzi wa darasa la nne. Nina miaka kumi. Tunakushukuru kwa madawati. Naomba nafasi ya bweni Korogwe, na naahidi kuwatii walimu wangu."

Watu wakapiga makofi, maana wakati wa makofi ulikuwa umefika. Mheshimiwa akaketi, ameridhika. Munira naye akasimama, akasoma: "Wanangu, kilio chenu nimekisikia. Tutakifanyia kazi." Akapigiwa vigelegele.

Kamati ya uteuzi ilikaa palepale, na Kasmiri akatenda haki. Munira alijaribu kuuliza. Mheshimiwa alisoma kama ilivyo, hakuuliza, hakuongeza hata nukta. Jina: Gerald. Umri, kwa maelezo yake mwenyewe mbele ya umma: miaka kumi. Mhuri ukagongwa.

Jumatatu barua ya shule ikamfikia Mheshimiwa ofisini: aripoti na godoro, ndoo, jembe, na kichwa kiwe kimenyolewa. Alimwita Kasmiri akafoka mpaka miwani ikamdondoka.

"Futa!"

"Kufuta inawezekana, Mheshimiwa. Utaandika kwamba ulisoma bila kujua unasoma nini. Nakala itabandikwa kwenye mbao za matangazo, kata zote."

"Njia nyingine?"

"Mtoto asiyeweza kuripoti humwachia mwenzake nafasi. Kwa hiari. Nimeshaandaa karatasi."

Munira akaitwa, akaja na mama yake. Mheshimiwa alichomoa kalamu haraka, akainama kusaini. Binti akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Samahani, mzee. Umeisoma?"

Zamda alifumba macho. Mheshimiwa akamtazama Kasmiri. Kasmiri akatazama dari. Kalamu ikarudi mezani, na Mheshimiwa akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Mstari wa tatu akakwama.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hapa wana maana gani?"

Munira akasogeza kiti, akaanza kumweleza. Kasmiri, aliyeiandika, naye akasogea kusikiliza, maana hata yeye hakuwa na hakika.