Malaria ya Mgongo Ghalani Ihumwa

Jumatatu, 10 Julai 1995
Ghala letu la mahindi linauzwa. Mnunuzi atabakiza karani mmoja tu. Tuko wawili: mimi Cornel, na Elieth. Alhamisi anakuja mkaguzi wa mnunuzi kusoma daftari la majeruhi. Elieth kaandika "mgongo, kunyanyua mzigo" mara tisa! Eti anataka kila gunia libebwe na watu wawili. Nimefungua daftari jipya. Migongo yote tisa nimeigeuza malaria. Safi kabisa.

Jumanne, 11 Julai
Balaa! Kuli wetu Mazengo alikuwa na gunia la lumbesa mgongoni, limejazwa kupita kiasi, kilo mia na ishirini. Elieth akataka asaidiwe. Nikasema lori linasubiri. Mgongo ukalia ka! Kaanguka kifudifudi. Kapelekwa hospitali, hasikii miguu. Mkewe, Scolastika, kaja, kauliza kama ghala litalipia. Ghala hulipia aliyeumia kazini tu. Nimeandika: kaumia nyumbani, kwa kupiga chafya. Sikuweza kumtazama mama yule usoni. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 13 Julai
Mkaguzi, mzee Halfani. Shikamoo yangu kaipokea bila kuinua macho. Kasoma ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe kauliza: malaria tisa na chafya moja, ghala hili lina mbu au lina pilipili? Nikacheka peke yangu. Nikamwambia magunia yetu mepesi mno, hayajeruhi mtu. Kumthibitishia, nikanyanyua moja.
Ka!
Nikalala sakafuni nikihesabu mabati. Mzee akainama. Akauliza aniandike wapi, nyumbani au kazini.
"Kazini, mzee! Kazini!"
"Na yule wa chafya?"
Elieth kasimama na daftari lake la zamani. Nikamwona Scolastika mlangoni, kashika kanga mdomoni.
"Naye kazini," nikasema. "Nilidanganya."
Mgongo uliwaka moto. Kifua kikawa chepesi.

Jumamosi, 15 Julai
Wodini. Mazengo yuko kitanda cha jirani. Tangu jana vidole vya miguu vinacheza! Ghala linamlipia. Kanipa pole, mimi! Nikageukia ukutani.
Kazi kapata Elieth. Kaniletea uji, kasisitiza alichosema daktari: wiki sita nisinyanyue hata ndoo. Nimekubali kwa moyo wote.
Ila mgonjwa wa dirishani karuhusiwa kwenda nyumbani, na kitanda chake kimepelekwa wodi nyingine. Kule kuna upepo. Nesi kaenda kunywa chai. Akirudi atampa mwingine nafasi ile, nawajua. Kitanda changu cha chuma, lakini ni hatua nne tu. Mazengo ananisihi nimsubiri nesi. Mwoga huyu! Nakivuta mwenyewe, sasa hivi.