Mashine Iliyomkataa Mke Wangu

Bariadi,
21 Agosti 2006

Ndugu Ofisa wa Pasipoti,

Baada ya salamu, ambazo natumaini utazipokea kabla ya malalamiko, naandika kwa uchungu. Mke wangu Benedikta alisafiri kutoka hapa hadi uwanja wa ndege ili aende Uswidi, ambako binti yetu Klementina amejifungua mjukuu wetu wa kwanza. Ubatizo ni tarehe 17 Septemba. Mashine yenu ya kusoma pasipoti ikamkataa. Amerudi na michembe yake ileile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na tangu juzi hali chakula vizuri. Imeniuma sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haikumsalimia. Kwetu Wasukuma mgeni husalimiwa, kisha huulizwa ni wa ukoo gani. Hata mchunga ng'ombe wa Bukundi asiyejua kusoma angemtambua kwa maswali mawili.

2. Wakati wa kupiga picha aliagizwa asicheke. Akanuna kwa utii. Kumbe mashine haina habari na picha, inasoma tu ile mistari miwili ya herufi iliyo chini ya picha! Kununa kule kulikuwa kwa faida ya nani?

3. Ofisa wa zamu alimtazama, akaitazama picha, akakiri kwamba ni yeye. Hata hivyo akaisikiliza mashine. Naomba kufahamishwa, hapo nani kamwajiri mwenzake?

4. Nilikuwa karani wa pamba wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumrudisha mkulima nyumbani na pamba yake. Walipoingia wanunuzi binafsi nikapunguzwa kazini. Kwa haki hiyohiyo, naomba na mashine hiyo ipunguzwe. Ikishindikana, iletwe Bariadi msimu mmoja ifundishwe kusalimia. Malazi yapo.

Zaidi ya yote, mama huyu apate pasipoti nyingine mapema, maana mtoto habatizwi mara mbili.

Wasalimie wote hapo ofisini, hadi mlinzi wa getini. Mashine usiisalimie.

Ni mimi, raia mtiifu mwenye kinyongo kidogo,
Kristofa Salu

Nyongeza: Katika ile mistari miwili mlikuwa mmeacha nafasi nyingi zenye alama kama mishale. Nilizijaza kwa wino: jina la babu yake, ukoo wake, na Mkula alikozaliwa, ili asipate taabu ya kujieleza ugenini. Benedikta hajui, anadhani ilitoka hivyo kwenu. Pasipoti mpya mkabidhini yeye mwenyewe mkononi. Tafadhali isipitie kwangu.