Matembezi Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 10 Agosti 1998

Najla amekuja. Na keki. Kila akija anakuja na keki, na mimi naonekana mtu asiye na keki.

Najla ni shangazi wa wajukuu wangu, dada wa marehemu baba yao, Azzan. Ana nyumba kubwa Kibenga, karibu na ziwa, duka la vitambaa mjini, na gari la bluu lisilo na kelele hata moja. (Nimelisikiliza vizuri, kwa matumaini ya fundi.) Ameketi kwenye kiti changu, ameniita Baba Waridi kwa adabu zote, kisha akasema anataka Amira na Khaled wahamie kwake. Kule kuna vyumba, kuna bustani, na hapa Buyenzi risasi zinasikika usiku. Nikamwambia hata Kibenga zinasikika, ila kule zinapita kwanza kwenye mapazia. Hakucheka.

Mzee Amjad, ami yake, amekata shauri: Ijumaa baada ya swala, watoto waulizwe wenyewe. Khaled ana miaka minne, atasema atakalosema dada yake. Amira ana saba. Basi kazi yangu ni Amira.

Tatizo: juzi Najla aliwapeleka ufukweni wakala aiskrimu. Mimi, tangu binti yangu Waridi afariki Ramadhani iliyopita, sijawapeleka popote ila gereji na makaburini. Makaburini wanapapenda zaidi.

Nimeshapanga. Kuanzia kesho, matembezi kila siku! Wakiondoka hawa, nyumba hii itabaki na mimi na redio.

Jumanne, 11 Agosti

Sina gari. Lakini fundi hakosi gari! Peugeot ya Candide, karani wa wizara, ilipona jana. Na gari likipona lazima lifanyiwe esai, yaani liendeshwe kidogo kuhakikisha limepona. Hakuna aliyesema esai iwe ndefu kiasi gani. Waridi alikulia kwenye esai zangu. Alikaa mbele, kiganja kwenye dashibodi, akisikiliza injini kama daktari. Aliniambia: Baba, inakohoa. Na kweli ilikuwa inakohoa.

Candide alipita asubuhi. Nikamwambia kipande bado hakijapatikana, embargo, nchi jirani zimetufungia mipaka. Siku hizi embargo inajibu kila swali. Akaondoka kwa miguu, maskini.

Saa nne tuko ziwani. Gari kivulini, milango wazi, watoto wanakula sambusa wakitazama maji. Amira ameweka miguu dirishani. Raha tupu!

Mtu akasimama mbele ya gari, suruali imekunjwa magotini, mchanga hadi kwenye nywele. Candide. Kumbe kazini naye alisema hawezi kufika, gari bovu. Kila mmoja alikuwa amemkamata mwenzake.

“We mzee,” akasema, “embargo imekwisha?”

Nikasema imekwisha sasa hivi.

Akachukua ufunguo, akawasalimia watoto vizuri sana, akaondoka na gari. Na sambusa zilizobaki. Tukarudi kwa miguu, jua la utosi. Gari la bluu likasimama kando yetu bila kelele. Khaled alishangilia kana kwamba ameokolewa kutoka gerezani.

Jumatano, 12 Agosti

Matembezi bila gari. Nimeujaza upepo mpira wa ndani wa tairi la lori, boya safi kabisa, na nikauvaa begani. Amissi wa gereji ya jirani akauliza kama ndiyo tunahamia Kongo. Nikapita. Amissi hana wajukuu.

Ziwani mambo yalikuwa mazuri. Naliandika hili kwa herufi kubwa: MAZURI. Watoto walielea kwenye maji ya magotini, nikiwashikilia. Khaled alicheka kile kicheko kinachoanzia puani. Cha mama yake. Ilibidi nigeuke kidogo nitazame upande mwingine.

Baadaye walitaka kuchimba mchanga. Nilikuwa nimebaki na kikoi, na sikutaka suruali iingie mchanga, basi nikaiweka juu ya mpira, pale ukingoni, pamoja na viatu. Mahali pasafi. Upepo wa kutoka milimani ukaona hivyohivyo. Nilipoinua kichwa, suruali yangu ilikuwa imeshafika mbali juu ya mpira, inaelekea Uvira, ng'ambo, Kongo. Kitambulisho kiko mfukoni. Mimi sijui kuogelea.

Tukirudi, kwenye kizuizi cha barabarani, askari akaniomba kitambulisho. Nikanyoosha kidole upande wa Kongo. Si jibu zuri mwaka huu, waasi wanatokea huko. Akashika bunduki vizuri. Hapo Amira akajitokeza mbele yangu.

“Chef, huyu babu yetu. Suruali yake imekimbia. Apana muasi, hajui hata kuogelea.”

Askari akageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Tukapita.

Amissi aliponiona na kikoi akauliza kama Kongo wamenirudisha.

Ijumaa, 14 Agosti, asubuhi

Ya jana naandika leo, kwa sababu jana sikulala kwangu.

Asubuhi yote ya jana nilikuwa ofisini nikitafuta cheti cha kupoteza kitambulisho. Wakauliza kimepotelea wapi. Nikasema hakijapotea, kinaelea.

Mchana nikapata wazo kubwa kuliko yote. Kiboko! Aiskrimu gani inamshinda kiboko? Nikawapeleka watoto ufukweni upande wa Kibenga, ambako viboko hutoka majini jioni kula majani. Niliwaambia kuna mmoja tunajuana tangu zamani. Tukakaa mbali, mahali salama, tukangoja. Khaled akauliza kama kiboko ameambiwa tunakuja. Tukangoja. Jua likazama, saa ya askari kufunga barabara ikakaribia, na hakuna gari la kurudi Buyenzi.

Ilibidi. Nikagonga mlango wa Najla.

Akatazama matope ya miguu yetu, akasema karibu Baba Waridi, chakula kipo. Hata hakufurahia! Mshindani asiyefurahia ushindi anaudhi sana. Alipoona nimevaa suruali ya gereji, akaniletea suruali ya Azzan, imepigwa pasi. Akasema anazipiga pasi mara kwa mara, hajui kwa nini, tangu lori la kaka yake liliposhambuliwa njiani. Nikasema mimi viatu vya Waridi bado viko mlangoni, kila siku navizunguka. Nikaivaa. Suruali inanibana vibaya. Nimesema inanitosha kabisa.

Alfajiri, niko barazani natawadha. Kiboko! Katikati ya bustani ya Najla, mkubwa kama kabati, anatafuna majani bila haraka. Tukajifungia ndani. Watoto dirishani, pua kwenye kioo. Amira akaninong'oneza: ndiye yule rafiki yako? Nikasema ndiye.

Najla akasema huja karibu kila usiku, amemchoka.

Kila usiku! Hata kiboko yuko upande wake. Na leo ndiyo Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Sebuleni kwa Mzee Amjad. Chai, tende, na mimi ndani ya suruali isiyoniruhusu kukaa. Nimesimama, wakafikiri ni heshima.

Mzee Amjad akauliza. Amira akatazama zulia. Nikaanza kuomba dua, nikakosea, nikaanza tena.

“Mi nakaa kwa Babu.”

Khaled akasema naye kwa Babu.

Najla akamwuliza kwa upole kwa nini. Amira akaeleza, kama mtu mzima anayewaeleza watoto, kwamba Babu hana mtu wa kumwangalia, na akiachwa peke yake atafungwa au atazama. Halafu akainua kidole.

“Lakini asitutembeze tena. Kutembea, twende na Shangazi.”

Mzee Amjad alicheka mpaka akakohoa. Najla akacheka na kulia pamoja, akajifuta kwa mtandio. Ikakubaliwa: watoto wanabaki Buyenzi, Jumamosi ni za Najla.

Wanabaki! Nimefika nyumbani, nimevaa kikoi, nimekaa. Khaled amelala na kiatu kimoja mguuni. Sijakivua, nisimwamshe.

Jumapili, 16 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Mpango umefaulu kabisa. Bila matembezi yangu, Amira angejuaje kwamba ananihitaji?

Lile neno la kutotembezwa tena, nalielewa. Alikuwa amechoka. Mtoto wa miaka saba hajui anachopenda. Jana Najla aliwapeleka ziwani, wamerudi safi, wameshiba, hakuna aliyepotea. Nikawauliza ilikuwaje. Wakasema vizuri. Vizuri tu! Hawana hata hadithi moja ya kusimulia. Nimewahurumia.

Kwa bahati nzuri, Jovithe mvuvi aliniachia injini ya mtumbwi wake, na leo imepona. Injini ya namna hii haijaribiwi gereji, inajaribiwa majini, kila fundi anajua. Nimemweleza Amira kwamba haya si matembezi, ni kazi. Amekwenda kuuliza namba ya simu ya Shangazi.

Khaled ameshavaa viatu.